Matembezi Mepesi Mashambani Uingereza: Namna ya Kuzipita Bustani za Kale na Njia za Vijijini

Wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, au wanaokwenda huko kuwatembelea ndugu zao, huijua nchi hiyo kwa miji yake na barabara zinazoiunganisha. Mashamba yanayopita dirishani mwa treni, yenye malisho ya kijani, miti mikubwa iliyosimama mmoja mmoja na jumba la mawe kwenye mwinuko, huonekana kuwa mali ya mtu, na kwa kweli karibu yote ni mali ya mtu. Jambo ambalo dirisha halionyeshi ni kwamba ndani ya mali hizo zimo njia ambazo kila mtu, awe mwenyeji au mgeni, ana haki kisheria ya kuzipita kwa miguu bila kuomba ruhusa na bila kulipa. Mwongozo huu ni wa mtu asiye mpanda milima, pengine mwenye watoto au mzazi mzee, anayetaka kutembea kilomita tano hadi kumi na mbili katika ardhi yenye miinuko midogo kisha alale nyumbani kwake usiku huo huo.

1. Ielewe haki kabla ya kuifuata njia

Haki iko kwenye njia, haiko kwenye ardhi. Ukilishika jambo hili moja, mengine yote yatafuata kwa urahisi. Mkulima hubaki na shamba lake na kabaila hubaki na uwanja wake, lakini pale penye njia ya umma mstari huo ni wa watu wote, hata kama unapita katikati ya ngano au mbele ya madirisha ya jumba. Ukitoka nje ya mstari huo na kukata kona kwenye malisho, umeingia mahali usipo na haki ya kuwepo.

Haki hizi hazikutolewa kwa hisani. Mwaka 1751 Binti Mfalme Amelia, bintiye George II, aliufunga uwanja wa Richmond Park, nje kidogo ya London ya wakati huo, akabakiza wageni wachache aliowapa kibali. Mtengeneza bia wa mji wa Richmond aitwaye John Lewis alikwenda mahakamani, na mwaka 1758 akashinda, ikabidi ngazi ziwekwe ukutani ili watu wa kawaida wapande na kuingia. Mwezi Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda nyanda za juu za Kinder Scout bila ruhusa ya wenye ardhi, na watano wakafungwa jela. Ilipofika mwaka 1949, Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuzitaka halmashauri za kaunti zichore ramani rasmi ya njia za umma. Leo njia hizo zinafikia takribani kilomita 225,000 kwa Uingereza na Wales pamoja. Sheria nyingine ya mwaka 2000 iliongeza haki ya kutembea popote, hata nje ya njia, katika nyika za juu na ardhi za pamoja zilizoandikishwa. Scotland ina utaratibu wake tangu mwaka 2003, ulio huru zaidi, na mwongozo huu hauuhusu.

Njiani utaona mishale midogo iliyopigiliwa kwenye nguzo na mageti. Mshale wa njano ni wa njia ya waenda kwa miguu peke yao, na wa bluu ni wa njia ambayo wapanda farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa. Wa zambarau ni wa njia iliyofungwa kwa magari lakini iliyo wazi kwa mikokoteni, ilhali mwekundu ni wa njia iliyo wazi kwa kila chombo, yakiwemo magari. Mtembeaji anaruhusiwa katika zote nne. Ipo pia njia ya ridhaa, ambayo mwenye ardhi ameifungua kwa hiari yake na anaweza kuifunga akitaka, na mara nyingi pana kibao kinachosema hivyo.

2. Chagua bustani inayokufaa

Bustani ya kihistoria inayozungumziwa hapa haifanani na bustani ya maua. Ni uwanja mpana wa nyasi wenye miti mikubwa iliyotawanyika, mara nyingi na ziwa na kundi la kulungu, uliozungushiwa ukuta au uzio. Nyingi kati yake zilianza katika Zama za Kati zikiwa mahali pa kuwindia pa wafalme na maaskofu, na katika karne ya 18 matajiri wakaajiri watu wa kuzitengeneza upya. Aliyevuma kuliko wote ni Lancelot Brown, aliyeishi kuanzia 1716 hadi 1783. Alikuwa akiziba mito ili ipatikane mikondo mipana ya maji inayopinda, akipanda miti kwa mafungu juu ya vilima, na kuondoa kila uzio uliokatisha upeo wa macho. Mtu asiyeambiwa hudhani mandhari hiyo ni ya asili, kumbe kila kilima kimepimwa.

Mbinu mojawapo ya wakati huo inamhusu mtembeaji moja kwa moja. Ili ng'ombe wasifike kwenye jumba bila uzio kuonekana, walichimba mtaro wenye ukuta wima upande wa nyumba na mteremko laini upande wa malisho. Ukitokea malishoni unauona ukuta, lakini ukitokea upande wa jumba huoni kitu mpaka unapofika ukingoni, na ukingo huo unaweza kuwa na kimo cha mtu. Watoto wanaokimbia kwenye nyasi mbele ya jumba la kale washikwe mkono.

Kwa anayeanza kabisa, Richmond Park inatosha, kwa sababu hahitaji ramani wala treni ya masafa. Kituo cha Richmond ni mwisho wa tawi mojawapo la reli ya District, mojawapo ya reli za chini ya ardhi za London, na kutoka hapo unaweza kupanda basi au kutembea hadi langoni. Njia inayozunguka uwanja mzima, iitwayo Tamsin Trail, ina urefu wa kilomita 11 hadi 12, ni pana, na sehemu kubwa inapitika kwa kigari cha mtoto. Ndani mna kulungu wapatao 630, na karibu na jumba la Pembroke Lodge kipo kilima kidogo ambacho, kupitia mwanya uliochongwa kati ya miti, kinakuonyesha kuba la Kanisa la St Paul's lililo umbali wa kilomita 16. Vyoo na mgahawa vipo hapo hapo.

Wakazi wa kaskazini wana Studley Royal, karibu na mji wa Ripon huko Yorkshire, ambako bustani ya maji ya karne ya 18 inaishia kwenye magofu ya Fountains Abbey, nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1132. Karibu na Leeds ipo Harewood, ambako njia za umma zinakatiza mashamba na misitu ya jumba lililoanza kujengwa mwaka 1759. Fedha za ukoo wa Lascelles, wenye Harewood, zilitokana na sukari ya visiwa vya Karibi na jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Wala si wao peke yao, kwani mwaka 2020 National Trust, shirika linalohifadhi majumba na ardhi za kihistoria, lilichapisha ripoti iliyotaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa. Naona ni haki kulijua hilo kabla ya kuusifu uzuri wa ziwa, na halimzuii mtu kulizunguka.

Katika kuchagua, tazama kwanza ukaribu wa kituo cha treni, kisha upatikanaji wa vyoo, kisha udongo. La tatu hupuuzwa sana. Udongo wa mfinyanzi hushika maji kuanzia Novemba hadi Machi, na kilomita mbili ndani yake zinachosha kuliko sita katika ardhi kavu. Vilima vya chokaa na vya mchanga vya kusini mwa nchi hukauka upesi, na ndivyo vinavyofaa wakati wa baridi.

3. Isome ramani

Simu pekee haitoshi, maana programu za ramani za barabarani hazitofautishi njia yenye haki na njia ya trekta. Ramani inayotegemewa ni ya Ordnance Survey, taasisi ya serikali iliyoanza mwaka 1791. Nunua au azima maktaba ile yenye jalada la rangi ya chungwa, iitwayo Explorer, ambayo sentimita nne juu ya karatasi ni kilomita moja ardhini. Ile ya jalada la waridi, Landranger, ni nzuri kwa kuona eneo kubwa, lakini haionyeshi nyua za mashamba, yaani uzio unaoyatenganisha, na pasipo nyua hutajua upite upande gani wa malisho.

Kwenye Explorer, vistari vifupi vya kijani ni njia ya miguu ya umma na virefu vya kijani ni njia ya farasi. Vya rangi ya chungwa ni njia za ridhaa. Vistari vyeusi peke yake vinaonyesha kwamba njia ipo ardhini, lakini havisemi kwamba una haki ya kuipita, na hapo ndipo wageni wengi hukosea. Miraba ya bluu inayofunika ramani nzima ina kilomita moja kila upande, kwa hiyo kuhesabu miraba ndiyo njia ya haraka ya kukadiria umbali. Vibao vya barabarani hutaja maili, na maili moja ni kilomita 1.6.

4. Pima muda kwa mwanga, si kwa saa ya ukutani

William Naismith, mpanda milima wa Scotland, alitoa mwaka 1892 kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mkakamavu asiyesimama. Kwa matembezi mepesi hesabu kilomita nne kwa saa, na tatu au pungufu ukiwa na watoto, kisha ongeza muda wa kula na wa kutazama.

Mtu aliyekulia karibu na Ikweta, ambako jua huchwa saa kumi na mbili mwaka mzima, hukosea hesabu hii kwa urahisi. Mjini London jua la katikati ya Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, ilhali la Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Katika Desemba anza kutembea asubuhi na upange kumaliza saa nane mchana. Kwa Mwislamu, miezi hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi hukusanyika ndani ya saa nne tu, hivyo ni vema kupanga mapema mahali pa kuswalia na kubeba mkeka mwepesi usiopitisha maji, kwa kuwa nyasi huwa na unyevu hata siku ya jua.

5. Vaa na beba vya kutosha, si zaidi

Viatu ndilo suala kubwa. Raba za kawaida zinatosha Richmond wakati wa kiangazi, lakini kuanzia Oktoba unahitaji buti zenye soli ya meno. Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito, na ya juu kabisa iwe ya kuzuia mvua. Suruali ya jinzi iepukwe, kwa sababu ikilowa haikauki. Beba maji, chupa ya chai, chakula kinacholiwa kwa mkono (sambusa na maandazi hustahimili begi kuliko wali), simu yenye chaji, na ramani ndani ya mfuko wa plastiki. Baa ya kijijini huuza chakula, ila jikoni hufungwa baada ya mchana, na vijiji vingi havina duka.

6. Tembea kwa adabu ya mahali

Mageti yaache ulivyoyakuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi, maana huenda mkulima amelifungua ili mifugo ifike kwenye maji. Mahali pengine hakuna geti bali kivukio cha mbao chenye vipandio viwili vitatu juu ya uzio, na kwingine pana geti dogo linalobembea ndani ya kizimba na kupitisha mtu mmoja mmoja. Vyote viwili havipitishi kigari cha mtoto, na mzee mwenye magoti mabaya atavichukia vivukio, kwa hiyo soma maelezo ya njia kabla hujamwalika.

Ukikuta njia imelimwa au imepandwa mazao, usizunguke pembeni kwa kumwonea mkulima haya. Sheria inamruhusu kulima juu ya njia inayokatiza shamba, lakini lazima airudishe ndani ya siku 14 na kuacha upana usiopungua mita moja bila mazao. Pita katikati, mmoja nyuma ya mwingine.

Ng'ombe wanahitaji maelezo marefu kidogo, hasa kwa mtu anayefikiri anawajua kwa kuwa amekulia nao. Ng'ombe wa Uingereza hana mchungaji. Hushinda malishoni peke yake, hajazoea fimbo wala mluzi, na makundi ya mafahali wachanga humfuata mtembeaji mbio kwa udadisi tu. Usikimbie. Geuka uwatazame, inua mikono, ongea kwa sauti ya kawaida, kisha endelea kutembea. Hatari ya kweli ni jike mwenye ndama. Usipite kati yao, na ikibidi zunguka kwa mbali hata kama unatoka njiani, kisha urudi. Kama una mbwa, mfunge kamba fupi karibu na mifugo yote, lakini ng'ombe wakikukimbilia mwachie, kwa sababu wanamwandama yeye, naye ataponyoka upesi kuliko wewe.

Kulungu wa bustanini hawafanani tabia na swala wa nyumbani. Madume huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine, na kuanzia Septemba hadi Novemba hupigana na kunguruma wakigombea majike. Kuanzia Mei hadi Julai majike huficha watoto wao kwenye majani marefu. Misimu yote kaa umbali wa mita 50, na usiwape chakula, hata wakikufuata.

Kupe hukaa kwenye nyasi ndefu na vichaka, na baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Chomeka suruali ndani ya soksi, na ukifika nyumbani kagua makwapa, kinena na nyuma ya magoti. Kupe aliyeshika ang'olewe kwa kibano chenye ncha nyembamba, akibanwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu kwenda juu, bila mafuta wala moto. Ukiona alama nyekundu inayotanuka katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari na umwambie ulikotembea.

Jambo la mwisho hapa ni salamu. Watu ambao mjini wangepitana kimya husalimiana njiani mashambani, na Mswahili hatahitaji kufundishwa hilo.

7. Mfano kamili: Knole na kilima cha One Tree Hill

Knole, katika mji wa Sevenoaks huko Kent, ndiyo bustani ninayoipendekeza kwa atakayetaka kutoka London mara ya kwanza. Treni kutoka Charing Cross au London Bridge hufika Sevenoaks kwa takribani nusu saa. Mkiwa watu wazima watatu hadi tisa, ulizieni tiketi ya kikundi, ambayo nje ya saa za msongamano hupunguza theluthi moja ya nauli. Hakikisha pia kwamba hakuna ukarabati wa reli Jumapili hiyo. Ramani ni Explorer namba 147.

Kutoka kituoni panda barabara ya London Road hadi katikati ya mji, kisha fuata High Street mpaka Kanisa la St Nicholas. Lango la Knole liko ng'ambo ya kanisa, na kutoka kituoni hadi kwenye jumba ni kilomita mbili na nusu hivi. Mwenda kwa miguu haingii kwa tiketi. Malipo ni ya kuingia ndani ya jumba na ya kuegesha gari. Jumba lilinunuliwa mwaka 1456 na Askofu Mkuu Thomas Bourchier, likachukuliwa na Mfalme Henry VIII mwaka 1538, na tangu 1603 likawa la ukoo wa Sackville. Uwanja una ukubwa wa takribani hekta 400. Ukishangaa kuona miti mingi ni ya rika moja, sababu ni dhoruba ya Oktoba 1987, iliyoangusha sehemu kubwa ya miti ya zamani usiku mmoja.

Ndani ya uwanja tafuta alama za njia ndefu iitwayo Greensand Way, inayotoka Haslemere huko Surrey hadi Hamstreet, Kent. Ifuate kuelekea mashariki kupitia safu za miti mpaka utoke nje ya uzio, uvuke barabara ndogo, kisha uendelee kati ya mashamba na misitu hadi One Tree Hill, kilomita tatu hivi kutoka kwenye jumba. Hapo ardhi inakatika ghafla upande wa kusini, na bonde lote la Weald liko chini yako. Ardhi ni ya mchanga, kwa hiyo matope si mengi hata Januari. Kula hapo, kisha rudi kwa njia ile ile. Mzunguko mzima, pamoja na kutoka na kurudi kituoni, ni kilomita 11 hivi.

Mwenye nguvu anaweza kuendelea hadi Ightham Mote, nyumba ya karne ya 14 iliyozungukwa na maji pande zote, ambayo uani mwake mna kibanda cha mbwa kinacholindwa kisheria kwa daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria. Tatizo ni kurudi. Kituo cha karibu, Borough Green, kiko zaidi ya kilomita tano kutoka hapo, na anayerudi Sevenoaks kwa miguu atakuwa ametembea kilomita 16 kwa siku, ambazo si matembezi mepesi tena. Panga teksi kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa mtandao wa simu bondeni ni dhaifu.

8. Njia ikifungwa, toa taarifa

Ukikuta waya wa miiba umekatiza njia, kivukio kimeoza, au kibao cha kutisha watu kimewekwa penye haki ya umma, usigombane na mtu. Piga picha, soma namba za mraba kwenye ramani (herufi mbili na tarakimu sita zinaonyesha mahali kwa usahihi wa mita mia), kisha jaza fomu ya taarifa kwenye tovuti ya halmashauri ya kaunti husika. Halmashauri ina wajibu wa kisheria wa kuziweka njia za umma wazi, na haiulizi mtoa taarifa ana pasipoti ya nchi gani.